Nani alikuwa na nini Tanga ya zamani: mwongozo kamili wa kupima pengo la tajiri na maskini kwa rekodi za kodi

Nyumbani kwetu Ngamiani kulikuwa na kopo la biskuti ambalo bibi alikuwa hataki liguswe na mtu. Alipofariki tukalifungua, tukakuta vifungo vya kanzu, sindano ya kushonea magunia, na stakabadhi za kodi za babu kama ishirini hivi zimefungwa kwa uzi wa mkonge. Karatasi nyembamba, zimegeuka rangi ya chai, muhuri wa boma umekula nusu ya jina, namba ya stakabadhi inasomeka vizuri tu ila kiasi alicholipa kwenye nyingi kimefutika. Mimi hapo ndo nilikuwa nimeanza kusoma mambo ya uchumi wa zamani, nikajiambia leo nimepata, utajiri wa babu nimeushika mkononi. Wapi. Nilichoshika ni ushahidi kwamba babu alihesabiwa. Angekuwa na minazi mia au asiwe na hata mmoja, stakabadhi ingekuwa ile ile.

Nimeanza na hilo kopo kwa sababu watu wengi wakisikia unaweza kupima tofauti ya kipato ya miaka 70 au 100 iliyopita kwa kutumia kodi wanadhani kuna daftari mahali limeandika fulani tajiri, fulani hohehahe, wewe kazi yako kujumlisha. Hakuna. Kuna daftari la watu ambao serikali iliwaona na ikaweza kuwafikia, na kazi yako kila hatua ni kuuliza nani hayumo humu. Ukilishika hilo swali mengine yote ni hesabu ya darasa la saba na kidogo ya fomu foo.

Hatua ya kwanza: amua unapima nini, na unahesabu nani

Kipato na mali ni vitu viwili. Mnazi ni mali, mbata unayouza mwaka huu ni kipato. Mtu anaweza kuwa na shamba kubwa la minazi Pangani mwaka ambao bei ya mbata imelala, kipato chake kikawa kidogo kuliko cha karani wa reli asiye na hata kuku. Kwa hiyo usiseme tu "nataka kupima utajiri", andika juu ya karatasi: kipato cha mwaka, au mali aliyonayo mtu siku fulani. Kodi ya mapato inakupa la kwanza, kodi ya majengo na mafaili ya mirathi yanakupa la pili, ukichanganya umeharibu.

Halafu amua unahesabu mtu mmoja mmoja, kaya au nyumba. Hili linaonekana dogo lakini ndo linaua watu. Mjerumani alihesabu nyumba, Mwingereza naye akaendelea kutoza kwa nyumba na kuongeza kichwa kwa kijana ambaye hana nyumba yake, sasa mzee mwenye wake watatu kila mmoja na kibanda chake alilipa mara tatu, kwa hiyo kwenye jumla ya mwisho wa mwaka yeye mmoja anaonekana kama walipaji watatu. Ukisoma jumla ile kama "wanaume watu wazima" umeshazidisha.

Hatua ya pili: jua kodi ya kipindi chako ilikuwa inatozwaje

Hapa nitakaa kidogo maana kila kodi ina inachoonyesha na inachoficha.

Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba na vibanda mwaka 1897, ikaanza kukusanywa 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba na zaidi kwa nyumba za mjini. Mwanzoni ulikuwa unaruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kufanya kazi, lengo lao lilikuwa kumsukuma mtu atafute fedha, yaani aende akafanye kazi kwenye mashamba na kwenye reli ya Usambara iliyoanza kujengwa Tanga 1893. Mwingereza akaja na sheria yake ya kodi ya nyumba na kichwa 1922, viwango vinatofautiana wilaya na wilaya. Hizi zote ni kodi za mkato mmoja, tajiri na maskini wa kijiji kimoja wanalipa sawa, kwa hiyo usizitumie kupima pengo moja kwa moja. Lakini usizitupe! Zinakupa idadi ya watu, na idadi tutaihitaji sana huko mbele.

Kodi ya mapato yenyewe, ile ya anayepata zaidi analipa zaidi, Kenya ilianza 1937 na Tanganyika 1940. Hii ndo dhahabu. Idara ya kodi ilikuwa inachapisha majedwali kila mwaka: waliopata kati ya kiasi hiki na hiki ni watu wangapi na jumla ya kipato chao ni ngapi. Majina hakuna na huyahitaji. Ila waliofikia kiwango cha kutozwa walikuwa wachache mno, wengi wao Wazungu na Wahindi, kwa hiyo jedwali linakuonyesha kilele cha mlima tu, mteremko na bonde havimo.

Katikati ya hizo mbili kuna kodi za viwango zilizojaribiwa na serikali za wenyeji. Upareni miaka ya 1940 walileta mbiru, mtu anakadiriwa kwa mali na kipato chake, watu wakaikataa, wakaandamana mpaka Same na kukaa huko. Ukikutana na rekodi za aina hii kumbuka makadirio yalifanywa kwa macho, mkadiriaji anapita anaangalia ng'ombe na migomba anaandika, na waliogoma walikuwa na sababu zao. Zinafaa kusomwa, ila usiziamini kama hesabu ya benki.

Baada ya uhuru: kodi ya kichwa ikaja ikaondolewa, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo miaka ya 1980, ikafutwa tena 2003. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ilianza kazi Julai 1996. Kwa kipindi cha karibuni data za mtu mmoja mmoja ni siri na ndivyo inavyotakiwa kuwa, utapata jumla tu.

Hatua ya tatu: tafuta makaratasi

Pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, zipo Upanga, Dar. Kuna mafaili ya Mjerumani yenye alama ya G, na ya Mwingereza, na vitabu vya wilaya ambavyo kila bwana shauri alikuwa anaandika humo mambo ya eneo lake, watu wangapi, kodi imekusanywa ngapi, mvua, mazao, majumbe gani wakorofi. Kama ni utafiti rasmi, hasa kama umetoka nje ya nchi, utahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), anza mapema usisubiri wiki ya mwisho. Chukua penseli, kalamu ya wino wengi hawaruhusu, na uliza kabla ya kupiga picha.

Kitu ambacho wengi hawakijui: kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, Uingereza ilitakiwa kupeleka ripoti kila mwaka Geneva kueleza inaiendeshaje nchi, na humo kodi imo. Nyingi ya ripoti hizo zimeskaniwa, utazipata kwenye intaneti ukiwa umekaa zako Chumbageni unakunywa kahawa. Barua za serikali zenyewe zipo kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, fungu linaitwa CO 691. Za Wajerumani zipo Berlin, fungu R 1001, na hapo jiandae, mwandiko wa zamani wa Kijerumani hata Mjerumani wa leo akiona anakuna kichwa.

Ukipata karatasi andika namba ya faili na ukurasa PALE PALE. Mimi nina picha kama 40 kwenye simu ambazo sijui zilitoka faili gani, nzuri kweli kweli, na hazina kazi.

Hatua ya nne: nakili kama ilivyo

Fungua Excel, safu moja kwa kila safu ya jedwali la zamani, na uandike kilichoandikwa hata kama kimekosewa. Jumla yao isipolingana na yako usiwasahihishe, weka safu ya pembeni ya maoni. Ongeza safu za fedha gani (rupia, shilingi, pauni), eneo, na miaka miwili: mwaka wa kipato na mwaka wa kutozwa. Hii miwili niliichanganya mara ya kwanza, kipato cha 1950 kilikuwa kinatozwa na kuripotiwa baadaye, mimi nikakipanga chini ya mwaka wa ripoti, halafu nikakaa wiki mbili nashangaa kwa nini matajiri wa Tanganyika walineemeka mkonge ulipokwisha kushuka bei. Sio wao, ni mimi nilisogeza mstari.

Fedha nazo. Rupia ya Mjerumani mwanzo ilikuwa na pesa 64, kuanzia 1904 ikawa na heller 100. Baada ya vita ya kwanza ikaja florini kwa muda mfupi na ndipo shilingi, shilingi 20 pauni moja. Kama unapima fungu la tajiri ndani ya mwaka mmoja fedha haikusumbui, maana juu na chini ni fedha ile ile inakatana. Inakusumbua ukitaka kulinganisha miaka, hapo tafuta bei za vitu watu walivyokula na kuvaa, mchele, unga, samaki, kanga, mafuta ya taa, uone mshahara wa mwezi ulinunua nini.

Hatua ya tano: asili

Unakumbuka sehemu shuleni, juu kiasi chini asili? Jedwali la kodi linakupa kiasi, fedha za walio juu. Asili haimo humo. Na asili ndo kila kitu.

Aliyeonyesha njia hii vizuri ni mchumi Simon Kuznets, mwaka 1953, kwa Marekani ambako kodi ya mapato ilianza 1913. Alichofanya ni kuchukua fedha za walio juu kutoka kwenye kodi, kisha akazigawa kwa kipato cha nchi nzima kutoka kwenye hesabu za taifa, wakiwemo wasiolipa kodi. Ukilinganisha walipa kodi wao kwa wao tu, ni sawa na kupima urefu wa Watanga kwa kupima timu ya basketi. Baadaye Thomas Piketty akaifanya Ufaransa, na marehemu Anthony Atkinson akaifuata mpaka huku kwetu Afrika Mashariki kwa yale majedwali ya kikoloni niliyoyataja.

Unahitaji asili mbili. Ya kwanza ni watu: watu wazima wote wa nchi au mkoa, tena wote, sio walipa kodi. Sensa ya kwanza ya kueleweka Tanganyika ni ya 1948, ikatoa watu kama milioni 7 na nusu, halafu 1957, halafu 1967 ambayo ilikuta milioni 12.3 Tanzania nzima. Toa watoto kwa kutumia uwiano wa umri wa sensa, miaka ya katikati chora mstari kati ya sensa na sensa. Kabla ya 1948 ndo unarudi kwenye zile kodi za kichwa nilizosema usizitupe, hesabu ya walipaji ukiisafisha ile habari ya wake watatu inakupa wanaume, na kutoka hapo unakadiria wengine.

Asili ya pili ni kipato chote. Kwa Tanganyika wachumi Peacock na Dosser walikadiria pato la nchi kwa miaka 1952 hadi 1954, na baada ya hapo takwimu za serikali zinaendelea. Angalia kama wameweka thamani ya chakula ambacho mkulima amelima akala mwenyewe. Kama hawakuweka, asili yako ni ndogo na matajiri wataonekana wamebeba nchi nzima. Ukiweka mahindi, muhogo na samaki wa watu wa Mkinga na Pangani picha inabadilika.

Na kama kipindi chako hakina hesabu ya taifa kabisa, unatengeneza jedwali la matabaka, mbinu ya zamani mno, Gregory King aliifanya kwa Uingereza ya mwaka 1688. Unapanga watu kwa makundi: Tanga ya miaka ya 1930 ungeweka manamba wa mkonge, wakulima, wavuvi, makuli wa bandarini, makarani, wenye maduka, maofisa, wenye mashamba. Kila kundi idadi yake na wastani wa kipato chake, zidisha, jumlisha. Ndani ya kundi wote wanakuwa sawa ambayo si kweli, kwa hiyo pengo utakalolipata ni dogo kuliko lililokuwepo, liandike hivyo hivyo.

Hatua ya sita: hesabu yenyewe

Jedwali la kodi lina vizingiti vyake, £500, £1,000, lakini wewe unataka kujua fungu la asilimia fulani ya juu. Vizingiti havikai pale unapotaka. Hapa anaingia Vilfredo Pareto, Mtaliano, ambaye miaka ya 1890 aliona kwamba huko juu kwa matajiri idadi ya watu inapungua kwa mpangilio unaofanana: ukipandisha kizingiti mara mbili, watu wanabaki sehemu ile ile kila mara.

Tufanye na namba za mazoezi, nimezitunga mimi ili zigawanyike vizuri, usizinukuu popote. Nchi ya mfano ina watu wazima 2,000,000 na kipato chote £40,000,000. Jedwali la kodi linasema waliozidi £500 ni watu 800, waliozidi £1,000 ni watu 200.

Kizingiti kimepanda mara mbili, watu wamebaki robo. Kwenye Excel andika =LN(800/200)/LN(1000/500), jibu ni 2. Hiyo namba ndo alfa. Alfa ikiwa ndogo, mkia wa matajiri ni mrefu, pengo kubwa. Sasa chukua alfa ugawe kwa alfa toa moja: 2 gawa kwa 1, inakuwa 2. Maana yake wastani wa kipato cha waliozidi kizingiti chochote huko juu ni mara 2 ya kizingiti. Waliozidi £1,000 wastani wao ni £2,000, wako 200, jumla £400,000. Gawa kwa £40,000,000 unapata asilimia 1. Na watu 200 kati ya milioni 2 ni asilimia 0.01. Kwa hiyo mtu mmoja katika kila elfu kumi, wakiwekwa pamoja, walikuwa na asilimia 1 ya kipato, mara mia ya fungu lao kama wote wangekuwa sawa.

Unataka asilimia 0.02, yaani watu 400? Hakuna mstari wa 400 kwenye jedwali, lakini alfa unayo. Kizingiti chao ni 500 mara kipeuo cha pili cha 2, kama £707, wastani mara mbili yake £1,414, jumla kama £565,700, fungu asilimia 1.41. Umemaliza. (Kama jedwali lako lina jumla ya kipato kwa kila kundi na sio idadi tu, itumie hiyo kukagua wastani, ni bora kuliko kuutegemea Pareto peke yake.)

Unataka asilimia 0.1, watu 2,000? Ishia hapo mwenzangu. Jedwali lako linaishia watu 800. Fomula itakupa jibu, Excel haioni haya, lakini utakuwa unatunga. Alfa inafanya kazi huko juu, ukiishusha mpaka kwa karani na fundi cherehani inavunjika. Ndo maana nchi kama yetu kwa kipindi cha ukoloni unapata fungu la watu wachache sana wa juu, na watu wanaolilia Gini (ile namba moja ya kupima pengo la watu wote) ya Tanganyika ya 1945 kutoka kwenye kodi ya mapato wanalilia kitu ambacho hakimo. Gini inataka mstari mzima kuanzia wa chini mpaka wa juu, ukiitaka nenda kwenye jedwali la matabaka.

Kisha ichezee asili. Kipato chote kikiwa £30,000,000 badala ya 40, lile fungu la asilimia 1 linakuwa 1.33. Matajiri hawajaongezeka hata senti, wewe ndo umekosa mahindi ya watu. Ripoti majibu yote mawili, usichague lile linalopendeza.

Hatua ya saba: mali

Kwa mali njia ya kawaida ni mirathi, na inashangaza kidogo ukiisikia mara ya kwanza: unawapima walio hai kwa kutumia waliokufa. Kama kwenye umri wa miaka 60 hadi 69 anakufa mtu mmoja kati ya 25 kila mwaka, basi kila faili la marehemu wa umri huo linawakilisha watu 25 walio hai, zidisha mali yake kwa 25. Fanya hivyo kwa kila umri, jumlisha. Tatizo matajiri wanaishi zaidi, wanakula vizuri na daktari anakuja nyumbani, kwa hiyo kwao kizidisho kinatakiwa kiwe kikubwa kidogo.

Pwani ongeza mambo mawili. Wakf, ile nyumba au shamba lililowekwa kwa ajili ya msikiti au ukoo, haligawanywi kama mirathi ya kawaida na unaweza usilione kabisa kwenye faili. Na deni. Bagamoyo ya karne ya 19 utajiri wa wafanyabiashara ulikuwa umekaa kwenye misafara, vitambaa na bunduki wamekopeshwa watu, pembe bado ziko Tabora. Sewa Haji, tajiri mkubwa wa Bagamoyo aliyefariki 1897 na kuacha mali nyingi kwa ajili ya shule na hospitali, ungempima kwa kodi ya nyumba iliyoanza mwaka uliofuata usingepata hata kivuli cha alichokuwa nacho. Halafu hiyo hiyo Bagamoyo, kuhamishwa makao makuu ya Mjerumani kwenda Dar mwaka 1891 na baadaye reli ya kati kuanzia Dar kukawatoa watu na biashara, nyumba zinazotozwa zikipungua usiandike "watu wamefilisika", wengine wamehama tu na fedha zao.

Majengo ya mjini ni chanzo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Tanga ilipangwa kwa rangi, Raskazone Wazungu, katikati ya mji Wahindi na maduka yao, Ngamiani sisi huku kwenye barabara za namba, kwa hiyo daftari la kodi ya majengo ukiligawa kwa mtaa unaona pengo kama umechora ramani. Na mwaka 1971 serikali ilipochukua majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ilibidi yaorodheshwe na kuthaminiwa, serikali yenyewe ikakuchagulia kilele cha wenye nyumba.

Hatua ya nane: wasiokuwemo

Nilienda kwa mzee mmoja wa barazani, jirani yetu, nikiwa na laptopu na grafu zangu nzuri za rangi. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, kaa. Nikamwonyesha. Akaangalia, akaangalia, akaniuliza, "Bibi yako yuko wapi hapa?"

Hayumo. Kodi ya kichwa ilikuwa ya wanaume. Bibi alikuwa na minazi 14 aliyorithi kwa baba yake, alikuwa anakaanga maandazi alfajiri anawauzia makuli kabla hawajateremka bandarini, na kwenye miaka ambayo babu hana kazi kodi ya babu ilitoka kwenye yale maandazi. Serikali iliandika jina la babu.

Baada ya hapo nikaanza kuwatafuta wengine. Manamba: wanatoka Kigoma, Songea, Burundi, wamekuja kukata mkonge Muheza na Korogwe, hasa tangu wakati wa vita ya pili ambapo wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi yao ya vibarua wa mkonge, kuwakusanya na kuwasafirisha. Je walilipa kodi kwao au walikatwa kwenye mshahara shambani? Ukikosea unawahesabu mara mbili au unawapoteza kabisa, na ni maelfu, na ndo wako chini kabisa ya mlima. Kampuni: faida ya mkonge ikibaki ndani ya kampuni au ikienda kwa mwenye hisa aliyekaa London, haipo kwenye jedwali la watu binafsi, kwa hiyo mwaka wa bei nzuri kama wakati wa vita ya Korea pengo la kweli ni kubwa kuliko unaloliona. Mwenye duka mwenye madaftari mawili, moja la kwake moja la mtu wa kodi, huyo hata leo yupo. Na baada ya Azimio la Arusha 1967 geuza macho kwenye marupurupu, mshahara wa bosi kwenye karatasi ni wa kawaida lakini nyumba ya serikali, gari na dereva havikuandikwa kama kipato, fungu la walio juu likishuka kwenye jedwali jiulize ni kiasi gani kimeshuka na kiasi gani kimehamia gereji.

Jambo lingine, kila sheria ikibadilika jedwali linaruka. Kizingiti cha kutozwa kikishushwa, ghafla mwaka unaofuata "matajiri" wameongezeka mara mbili. Weka mstari wa wima kwenye grafu kila mwaka sheria ilipoguswa, na usiunganishe nukta kupita mstari huo bila maelezo.

Kwenye faili langu la Tanga sasa kuna karatasi ya mwisho nimeiita "hawamo". Kila chanzo ninachokifungua naandika humo aina ya watu kilichowaacha, makadirio ya idadi kama ninayo, na wangeliongeza pengo au wangelipunguza. Imeshakuwa ndefu kuliko karatasi ya walipa kodi. Mstari wake wa kwanza: mwanamke, Ngamiani, minazi 14 na maandazi, kodi aliyoandikiwa hakuna, kodi aliyolipa haijulikani.